Umetoka Kozi, Unapangwa Wapi?

Baba yangu ana silaha moja ya kuninyamazisha kila nikianza kusifia vyuo, nayo ni Musuguri. "Mama, hebu niambie, Jenerali Musuguri alikuwa na digrii ngapi?" Akishasema hivyo anarudi kwenye mizabibu yake, anaendelea kupogoa kana kwamba mjadala umefungwa.

Hoja yake si nyepesi. David Musuguri aliingia jeshi la wakoloni, King's African Rifles (KAR), mwaka 1942 kama askari wa kawaida. Akapanda ngazi kwa ngazi, akaongoza Divisheni ya 20 katika vita vya Kagera, na mwaka 1980 akakabidhiwa ukuu wa majeshi, akaushika hadi 1988. Alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Ukiletewa mzee kama huyo kwenye mazungumzo, wewe mwenye shahada yako ya uzamili unatakiwa ukae kimya uchume zabibu.

Mimi sikai kimya. Namwambia baba: Musuguri tunamjua. Je, wale walioingia naye, wenye akili kama yake, wakaishia ukoplo kwa sababu hakuna aliyewaona, hao nani anawajua? Mtu wa aina ya Musuguri angepanda hata ukimfungia mlango. Utaratibu wa kusimamia watu tunautengeneza kwa ajili ya wale wengine, walio wengi: nani anakwenda kozi, kwa kigezo gani, na akirudi anapewa kazi gani. Hilo la mwisho ndilo nililokaa kuliandika leo, maana naona watu wanabishana sana kuhusu vyuo na hawaulizi chochote kuhusu meza inayompangia mtu kituo baada ya chuo.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni afisa utumishi katika taasisi moja ya serikali huku Mtumba, Dodoma. Nimezaliwa kota za jeshi, na baba ni sajenti mstaafu anayeishi Veyula. Jeshini umri wa kustaafu unaendana na cheo, kwa hiyo alitoka akiwa bado ana nguvu zake, na shamba ndilo linazimaliza. Mambo ya ndani ya jeshi siyajui, na hata ningeyajua nisingeyaandika. Mzee mwenyewe ukimuuliza la kikosini anakuuliza kama umeshakula. Nitakayoyasema ni ya kwenye sheria na historia, pamoja na moja la nyumbani kwetu ambalo ameniruhusu.

Tuanze na Januari 1964, kwa sababu ndipo nchi hii ilipojua kwamba sera ya utumishi inaweza kuiangusha serikali. Tarehe 20 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi letu la wakati huo, waliasi katika kambi ya Colito, ambayo sasa ndiyo Lugalo, na kesho yake wenzao wa Tabora nao wakafuata. Walikuwa na madai gani? Mishahara, na maafisa wa Kiingereza waliokuwa bado wanashika ukamanda zaidi ya miaka miwili baada ya uhuru. Ukiondoa bunduki, hilo ni faili ambalo lingeweza kutua mezani kwangu Jumatatu yoyote: malalamiko ya maslahi na malalamiko ya upandishaji vyeo. Nyerere alilazimika kuwaita Waingereza haohao. Makomandoo wao wa majini walishuka tarehe 25 na maasi yakazimwa. Jeshi lote likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka uleule likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Jambo ambalo watu hulipita haraka ni hili. Kuwafukuza maafisa wa Kiingereza ni kazi ya siku moja. Kumpata Mtanzania wa kukaa kwenye kiti chao ni kazi ya miaka, na miaka hiyo ilikuwa imeshapotea. KAR ilimwandaa Mwafrika awe sajenti hodari, ikamfikisha mpaka cheo cha effendi, ambacho hakikuwa cha sajenti wala cha afisa kamili, ikamwachia hapo. Waliopelekwa kusomea uafisa walikuwa wa kuhesabika. Mmoja wao, Mirisho Sarakikya, aliyetoka Sandhurst, chuo cha maafisa cha Uingereza, ndiye aliyekuwa Mkuu wa Majeshi wa kwanza. Kwa hiyo tatizo lililolipuka mwaka 1964 lilipandwa miaka mingi nyuma, siku ambayo karani fulani aliandika orodha ya watakaokwenda kozi na majina fulani hayakuwemo. Hakuna aliyesikia mlio wowote siku hiyo.

Leo ngazi ipo na inajulikana. Monduli wanatengenezwa maafisa, na siku hizi mtu anaweza kutoka pale na kamisheni pamoja na shahada ya sayansi ya kijeshi. Duluti, nje kidogo ya Arusha, kuna Chuo cha Ukamanda na Unadhimu kwa maafisa wa ngazi ya kati, wale wanaotoka kuongoza kikosi kidogo na kuanza kujifunza kupanga mambo ya jeshi zima. Juu kabisa kuna Chuo cha Taifa cha Ulinzi, Kunduchi, kilichofunguliwa 2012, ambako maafisa waandamizi wanakaa darasa moja na watumishi wa wizara za kiraia na wageni kutoka majeshi ya nchi rafiki. Aliyekifungua ni Jakaya Kikwete, ambaye katika miaka ya 1980 alikuwa mkufunzi wa siasa kule Monduli. Aliliacha jeshi mwaka 1992 akiwa Luteni Kanali, pale mfumo wa vyama vingi ulipomlazimisha kila mwanajeshi mwanasiasa achague moja. Huo nao ulikuwa uamuzi wa kiutumishi, tena mzito: kwa karibu miaka 30 jeshi na chama vilikuwa ndugu, halafu katiba ikasema mwanajeshi asiwe mwanachama wa chama chochote. Fikiria kazi ya ofisi iliyotakiwa kuwahamisha watu wote waliokuwa wakishughulikia siasa jeshini.

Kunduchi nakuzungumzia kwa sababu huko ndiko tunakokutana sisi raia na wao. Kuna bosi mmoja, ofisi sitaitaja, aliyeteuliwa kwenda. Alikaa karibu mwaka mzima. Alirudi mtu mwingine kabisa: ukimwuliza habari za maji ya Dodoma anakueleza mpaka kina cha visima vya Makutupora na maana yake kwa usalama wa makao makuu ya nchi. Tukafurahi. Kisha akarudishwa kwenye kiti kilekile, meza ileile, akaendelea kusaini vibali vya safari na kuidhinisha ununuzi wa wino wa printa. Mpaka anahama, sikuona hata kikao kimoja alichoitwa kwa sababu ya kile alichokwenda kujifunza. Serikali ilikuwa imelipa, naye alikuwa amesoma kwelikweli, lakini hakuna aliyejiuliza kabla hajaondoka: huyu tunamtaka arudi afanye nini?

Sasa la baba. Enzi za ujana wake alipelekwa kozi ndefu ya ufundi wa redio. Ninalo daftari lake, jalada gumu la kijani, ndani amechora saketi kwa penseli na rula, kila mstari umenyooka, na maelezo ya Kiingereza ameyatafsiri pembeni kwa maneno ya kwake. Alifaulu vizuri. Aliporudi akapangiwa stoo. Viatu, mablanketi, vyandarua, mahema. Akahamishwa kikosi, akapangiwa stoo tena, maana faili lake sasa lilikuwa linasema ana uzoefu wa stoo. Miaka ikapita, redio zenyewe zikabadilika, na kozi yake ikawa ya mitambo isiyokuwepo tena.

Ukimwuliza kama iliuma, anasema, "Jeshi si mali ya mtu, mama. Unapangwa, unakwenda." Mama yangu mzazi ndiye mwenye maelezo marefu zaidi. Anasema jioni kota yetu ilikuwa inajaa redio na televisheni za majirani, maana mtaa mzima ulijua sajenti wa stoo ana mkono. Walilipa kidogokidogo. Ada yangu ya sekondari kwa sehemu kubwa ilitoka hapo. Kwa hiyo kozi ile ilikuwa na faida, siwezi kukana, ila aliyefaidi ni mimi badala ya mitambo ya jeshi.

Nilipokuwa nasoma uzamili hapa Dodoma nilitafuta nchi ambayo iliwahi kulishika tatizo hili kwa mikono miwili, nikaangukia Marekani. Nakiri nilitarajia kukuta majigambo. Nilichokuta ni watu waliokuwa wameaibika.

Aprili 1980 walijaribu kuwaokoa mateka wao waliokuwa Iran. Helikopta zilikuwa za jeshi la majini, marubani wake wengi walitoka kikosi cha Marines, ndege za mizigo zilikuwa za jeshi la anga, askari wa kuvamia walikuwa wa nchi kavu. Operesheni ilikufa jangwani kabla hata ya kufika Tehran; helikopta iligongana na ndege pale kwenye kituo cha mafuta, wakafa Wamarekani wanane. Mwaka 1983 walivamia Grenada, kisiwa kidogo, wakashinda, lakini vikosi vya majeshi tofauti vilihangaika hata kuwasiliana. Uchunguzi ukarudi mahali palepale: kila jeshi lilikuwa linasomesha watu wake, linapandisha watu wake, na afisa mwenye akili alikuwa anakwepa kupangiwa makao makuu ya pamoja kama anavyokwepa malaria. Ukikaa miaka miwili huko, jeshi lako limekusahau, na bodi ya vyeo ikikaa jina lako halina mtetezi.

Bunge lao likapitisha sheria mwaka 1986, inaitwa Goldwater–Nichols kwa majina ya wabunge wawili walioisimamia. Seneti iliipitisha kwa kura 95 bila hata moja ya kupinga. Watu wa siasa za kijeshi huisifia kwa kunyoosha mstari wa amri kutoka kwa rais hadi kwa kamanda aliyeko uwanjani. Mimi karani wa mafaili niliganda kwenye sehemu ya nne, ile ya utumishi. Ilisema mambo matatu ambayo ningetamani niyachape nibandike mlangoni. Kwanza, hutakuwa jenerali au admirali kama hujawahi kufanya kazi ya pamoja na majeshi mengine, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Pili, maafisa waliopangiwa makao makuu ya pamoja wasipandishwe kwa kiwango cha chini kuliko wenzao waliobaki kwenye makao makuu ya majeshi yao, na takwimu zipelekwe bungeni. Tatu, na hili ndilo langu: kati ya wahitimu wa vyuo vya elimu ya pamoja, zaidi ya nusu ya wale wasio mabingwa wa kazi ya pamoja lazima kituo chao kinachofuata kiwe cha kazi ya pamoja. Mabingwa wenyewe wote waende.

Unaona walichofanya? Hawakuishia kusema chuo kiboreshwe. Walikamata meza ya uhamisho. Baadaye ndipo Ike Skelton, mbunge kutoka Missouri, alipoongoza kamati iliyovipekua vyuo vyenyewe, na ripoti yake ya 1989 iliuliza maswali ya mwalimu mkuu mkali: nani anafundisha, anafundisha wangapi, wanafunzi wanaandika au wanasikiliza mihadhara tu. Mpangilio huo naupenda. Ukianza na chuo ukaiacha meza ya uhamisho, unatengeneza daftari la kijani kama la baba.

Siwapambi. Sheria ile ilizaa ugonjwa wake. Kazi ya pamoja ilipogeuka kuwa sharti la ujenerali, watu wakaanza kuitafuta kwa ajili ya muhuri kwenye faili, ukishapata, unaondoka. Hapa kwetu tunaujua ugonjwa huo bila kupelekwa Marekani. Mtu anasoma uzamili wa kitu chochote kinachotolewa jioni, ili mradi muundo wa utumishi unasema uzamili.

Na kuna jambo lao moja ambalo nilimweleza baba akakasirika mpaka akaweka mkasi chini. Kwa sheria yao ya 1980, afisa anayefikiriwa kwa cheo kinachofuata akakosa mara mbili, kwa kawaida anaondolewa jeshini. Panda au toka. Lengo lilikuwa kuzuia msongamano, nchi isibaki na mameja wazee waliokaa njiani huku vijana wakikosa nafasi, na hilo lina mantiki. Baba hakutaka kusikia. "Kwa hiyo fundi mzuri anafukuzwa kwa kuwa hataki kuwa mkubwa? Hata mzabibu hukati tawi kwa sababu halirefuki. Unakata lisilozaa."

Wamarekani wenyewe walichukua karibu miaka 40 kufika pale alipofika sajenti wa Veyula kwa dakika moja. Mwaka 2018 bunge lao lililegeza: afisa anaweza kuomba asifikiriwe na bodi ya vyeo kwa muda, kwa mfano akiwa anamalizia masomo au kazi yenye umuhimu mkubwa, na bodi zikaruhusiwa kumtanguliza mwenye sifa zaidi hata kama ana miaka michache kwenye cheo.

Huku kwetu kwenye utumishi wa kiraia tuna kosa la upande wa pili. Tange, ile orodha ya nani alitangulia kazini, ndiyo mfalme. Ukikaa, unapanda, ukipanda sana unakuwa bosi, hata kama ulikuwa mpimaji ardhi bora kuliko wote na sasa unachofanya ni kugawa magari. Jeshi lina kitu tunachokikosa, nacho ni Afisa Mteule. Pale anakaa mtu aliyebobea, kuruta anamwogopa, luteni mpya aliyetoka Monduli juzi anamwuliza pembeni afanyeje, na hakuna anayemlazimisha awe kamanda ili aheshimiwe. Ningepewa nafasi ya kuiba kitu kimoja jeshini nikakileta Mtumba, ningeiba hicho.

Walimu nao niwaguse kidogo. Kati ya 1927 na 1932, George Marshall alisimamia mafunzo katika shule ya askari wa miguu Fort Benning, na miongoni mwa wakufunzi wake walikuwamo Omar Bradley na Joseph Stilwell, wote wakaja kuwa majenerali wa vita kuu ya pili. Kule kupelekwa kufundisha kuliwahesabia. Kwenye ofisi nyingi nilizopita, ukihamishiwa chuoni watu wanakuja kukupa pole.

Basi mwaka huu, wakati wa kuandaa mpango wa mafunzo, nikaongeza safu moja kwenye fomu ya kumpendekeza mtumishi: "Kazi atakayopangiwa akirudi." Chini yake sahihi ya mkuu wa idara. Mkurugenzi akairudisha na kalamu nyekundu. Akaniita. Hakuwa amekasirika, na swali lake lilikuwa la haki kabisa: "Huyu anakwenda miaka miwili. Akirudi, mimi nitakuwepo? Mkuu wake wa idara atakuwepo? Ikama ya watumishi itakuwa hiihii? Unanitaka nisaini ahadi ya mtu mwingine."

Nikarudi kwenye vitabu vyangu, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Wamarekani waliandika kiwango badala ya kuandika majina. Ahadi ya mtu inahama naye siku akipata uteuzi. Kiwango kinabaki na ofisi, anayekuja anakikuta ukutani. Nikaifuta ile safu, nikaandika sharti jipya kwenye mpango wenyewe: nusu ya wanaorudi masomoni kila mwaka wapangiwe kazi inayotumia walichokwenda kusomea, ndani ya miezi sita, na taarifa iwekwe kwenye kikao cha menejimenti kwa idadi tu, bila majina.

Mkurugenzi alisoma, akacheka. "Nusu? Mama, hata uliowapeleka wewe mwenyewe mwaka juzi hawafiki nusu. Andika theluthi, tuanzie hapo." Tumeandika theluthi. Idara mbili tayari zimeleta barua za kuomba zisihusishwe, na moja kati yake ndiyo inayopeleka watu wengi zaidi masomoni. Kikao kinakaa baada ya bajeti kupita.